Niliona Boti, Sikuona Uso

Yesu asifiwe kwa wenzangu wa kanisa, na salamu aleikum kwa wazee wa Kamembe mliofunga maduka yenu mapema mje kutusikiliza. Wanaonijua wanajua kwamba mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Maman amenikalisha kiti cha kwanza ili nisipate njia ya kukimbia. Nitasoma kwenye daftari, maana nikisema bila kusoma sauti yangu inakwisha katikati. Nimeliandika tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Mkiona siinui macho, mnivumilie kidogo. Ushuhuda wangu ni juu ya jambo hilo hilo.

Jina la mtu sitalitaja. Mtakaowatambua, muwatambue kimoyomoyo.

Wengi wenu mlikulia ukimbizini Bukavu kama sisi. Tuliporudi upande huu wa mto, Papa alipata shamba Rwimbogo, na nyumba ya udongo yenye mlango mmoja, na mbuzi wawili. Vita ilikuwa bado inanguruma ng'ambo ya mto, lakini Papa alikuwa akizunguka shamba lile kila asubuhi kama mtu anayehesabu meno yake. Alikuwa anasema, "Sasa tuko kwetu." Maman alikuwa anajibu, "Bon, tuko kwetu. Lakini funga mulango."

Asubuhi moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, Maman alikuwa ameenda kuchota maji. Mimi nilikuwa uani napepeta maharage. Wakaja wanaume watatu. Ndugu zangu, ninyi ndio mlionilea, mnajua: mtoto wa kike mwenye adabu hamkodolei mkubwa macho. Anasalimu kwa mikono miwili, anatazama chini. Nikasalimu hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Niliona miguu sita. Wawili walivaa ndala. Wa tatu alivaa boti nyeusi za mvua, na kwenye ncha ya boti ya kulia kulikuwa na kiraka chekundu, chekundu kama ulimi.

"Papa iko?"

"Iko nyuma, kwa mbuzi."

"Tuitie yeye."

Nikaenda kumwita. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Papa akapangusa mikono kwenye suruali.

"Bageni gani?"

"Sijui, Papa."

"Haukubaangalia?" Akacheka. "Mutoto huyu ataolewa na muntu hajamuona uso."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Alitoka nao wakapita kwenye migomba. Walimkuta siku ya pili, bondeni. Ukurasa ule sitausoma.

Baada ya wiki mbili hivi, askari walikusanya wanaume wa mlima wetu mbele ya ofisi ya sekta, ile ya kata yetu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, matope yalifika kwenye vifundo. Baba yangu mdogo, ndugu wa Papa, alinishika bega akanipitisha mbele ya mstari. "Angalia vizuri," alisema. Nami niliangalia jinsi nilivyojua kuangalia. Nilipita nikitazama chini. Ndala, ndala, miguu mitupu, boti, ndala, boti. Halafu kiraka chekundu, boti ya kulia, kwenye ncha. Nikasimama.

"Ni huyu?"

Niliendelea kutazama kile kiraka.

"Sema, mutoto. Ni huyu?"

"Ndiyo, Baba."

Nilijibu vile mtoto anavyojibu akiulizwa na mkubwa mbele ya watu. Kama angeniuliza, "Si huyu, eh?" sijui ningejibu nini. Nimejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko nilivyosali rozari.

Yule mtu alipiga kelele. "Mutoto! Niangalie! Niangalie uso useme ni mimi!" Sikumwangalia. Walimvuta, na boti yake moja ikabaki imesimama kwenye matope, peke yake. Wakaniita ndani, wakaandika karatasi, wakaniambia niweke dole gumba. Nilijua kuandika jina langu, lakini sikuthubutu kuwaambia. Kisha mtu mmoja akanisifu, "Mutoto wa nguvu huyu," wakaninunulia Fanta. Niliinywa yote.

Yule mtu alikuwa jirani yetu wa mlima wa pili. Alikuwa analima mpunga wa watu kule Bugarama, akirudi kwake Jumamosi. Walimweka kwenye kasho ya komini, kile chumba cha kufungia watu wilayani, halafu wakampeleka gereza kubwa. Na ninyi mnajua magereza ya miaka ile. Watu walikuwa wanalala kwa zamu.

Sasa nawasomea vipande vidogo. Mke wake alikuwa akimpelekea chakula kila Ijumaa, na njia ya kwenda mjini inapita mbele ya nyumba yetu. Alikuwa anabeba kikapu kichwani, kimefunikwa jani la ndizi. Nimeandika: "Ijumaa. Amepita." Ukurasa wa pili: "Amepita. Mvua." Mwingine: "Amepita. Hakuangalia kwetu." Iko hivyo kurasa na kurasa. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango nimhesabu, kama vile nikiandika kwamba amepita, basi mambo yako sawa.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, siku moja kwenye Misa nilikuwa nimepiga magoti baada ya komunyo, kichwa chini kama kawaida yangu. Watu walikuwa wanarudi kwenye benchi zao. Miguu yao inapita mbele yangu. Nikaona boti nyeusi. Kwenye ncha, kiraka chekundu.

Nilidhani roho inatoka. Nikainua macho kidogo, hadi magoti, hadi mikono iliyokunjwa. Kwa kuchechemea kwake nikamjua, mzee mmoja wa kwaya. Mzee yule, mwezi Papa alipouawa, alikuwa hospitali na mguu umefungwa. Sisi wenyewe tulienda kumwona, Papa alimpelekea machungwa. Hangeweza kuwa yeye. Basi viraka vile vilikuwa viwili. Na kama ni viwili, kwa nini visiwe kumi?

Ndugu zangu, nawaambia anguko langu liko hapa. Msifikiri liko kwenye ile "Ndiyo, Baba." Ile ilikuwa ya mtoto. Hii ya pili ilikuwa ya mtu anayejua. Nilirudi nyumbani nikaandika: "Nimeona kiraka kingine." Sikusema kitu. Sikumwambia Maman, wala katekista, wala padri kwenye kitubio. Nilikuwa naungama kwamba nimemjibu Maman vibaya na nimekula sukari. Miaka minne nikaungama sukari.

Siku moja nikaandika: "Ijumaa. Hakupita." Na iliyofuata: "Hakupita." Malaria ya Bugarama ilikuwa imemchukua yule mama. Alikuwa ameenda kulima mahali pa bwana wake, kwenye mpunga. Ijumaa ya tatu kikapu kilipita kichwani kwa mama mkwe wake, bibi kizee mwenye fimbo, ambaye akipanda kilima chetu anapumua hadi unamsikia. Alisimama mbele ya kwetu.

"Mwana wangu, uko na maji?"

Nikampa. Alikunywa kikombe kizima, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mungu akuone," alisema. "Weye ni wa nani?"

Nilimtajia jina la Papa. Nilingoja anilaani. Akarekebisha kikapu chake.

"Haya. Na papa yako Mungu amuone."

Toka siku ile alikuwa anakunywa maji kwetu kila Ijumaa. Hakuniuliza kitu. Nami nilimpa maji, nikafikiri maji yanatosha.

Nilimaliza sekondari. Chuo kikuu kimoja cha Kikatoliki, safari ya siku nzima kwa basi kupita msituni, kilinipokea kusoma kriminolojia na haki ya jinai. Huko kwetu walishangaa. Maman aliuliza, "Unaenda kusomea buuaji? Mutoto wa kike? Ualimu umekosa nini?" Jirani mmoja aliniambia nitakuwa polisi, akaniomba nimpatie bunduki ya kufukuza nyani. Lakini baba mdogo alifurahi mpaka akalia. Alinishika kichwa. "Soma," alisema. "Soma sana. Kuko babili bamebaki kwa bale batatu. Utatutafutia babili bale." Yeye ndiye aliyenibebea sanduku hadi kituo cha basi, kilomita zote zile, hakutaka nimpokee.

Kwa nini nilichagua masomo yale? Nitasema ukweli, haukuwa ujasiri. Nilitaka kujua neno la mtoto lina uzito gani kwenye karatasi. Nilitumaini mwalimu atasema halina uzito wowote, kwamba wakubwa hawakumfunga mtu kwa sababu yangu, walikuwa na mambo mengine waliyoyajua.

Mwalimu wetu wa somo la ushahidi alikuwa padri, mzee mfupi mwenye koti lenye mifuko iliyopasuka kwa sababu ya chaki. Siku moja alituambia: "Kila asubuhi munanunua mukate kwa yule bwana wa getini. Chukueni karatasi. Andikeni sura yake." Wenzangu waliandika. Mimi upande wa uso niliacha wazi. Niliandika kwamba sandali yake ya kushoto imefungwa kwa waya wa shaba, na kidole chake cha mwisho hakina ukucha. Padri alisoma karatasi yangu kwa sauti.

"Na weye, unatembea ukitafuta senti zilizoanguka?"

Darasa lote lilicheka. Nikatoka nje, nikakaa nyuma ya chapeli hadi kengele ikalia.

Likizo kubwa ilipofika, padri alileta baadhi yetu hapa Cyangugu kufanya staji, yaani mazoezi ya kazi. Kulikuwa na ofisi moja yenye dosiye, yaani mafaili ya wafungwa, zimerundikwa hadi dirishani, panya wamekula pembe. Kazi yetu ilikuwa kuzipanga kwa sekta, na kuandika pembeni kile kilichomo ndani. Nyingi zilikuwa nyembamba. Siku ya nne, Ijumaa asubuhi, nilifungua dosiye moja yenye jalada la rangi ya maziwa. Ndani karatasi moja tu. Jina la yule mtu. Chini yake: "Shahidi: binti wa marehemu. Amemtambua." Na dole langu gumba, dogo, kama mbegu ya maboga.

Niligeuza karatasi. Nyuma hakuna kitu. Nilitafuta neno "boti." Halikuwepo. Nilitafuta neno "kiraka." Halikuwepo. Hapakuwa na mambo mengine waliyoyajua. Karibu miaka saba ya mtu, na mke wake kaburini, na kilichokuwa kimemshika humo ndani ni mimi peke yangu.

Mnajua nilifanya nini? Niliiweka chini kabisa ya rundo.

Saa sita tulitoka kupumzika. Barabarani kulikuwa na mstari wa wanawake wanaopeleka chakula gerezani, na katikati ya mstari nikasikia, "Ee! Mutoto wa maji!" Alikuwa bibi yule. Alinishika mkono mbele ya wenzake. "Huyu ndiye nabaambia," aliwaambia. "Kila Ijumaa ananinywesha. Papa yake walimuua, na ananinywesha." Wanawake wakaniombea baraka pale barabarani. Kisha bibi akafunua jani la kikapu, akatoa kiazi kitamu kilichochemshwa, bado kina joto, akanitia mkononi. "Kula. Umekonda na masomo." Kilikuwa kiazi cha mtoto wake.

Sikukila. Nilirudi nacho ofisini, nikakiweka juu ya meza, nikatoa dosiye chini ya rundo, nikaenda nayo kwa padri.

"Padri, shahidi huyu ni mimi."

Alivaa miwani. Alisoma, akanitazama.

"Uliona nini siku ile?"

"Miguu, Padri."

"Na uso?"

"Sikuangalia."

"Sababu gani?"

"Nilikuwa na adabu."

Alivua miwani akaiweka juu ya dosiye. Nilifikiri atanifukuza chuoni. Alichukua karatasi nyeupe akanisogezea. "Usichane kitu, usiongeze kitu kwenye ile ya zamani. Hapa andika ulichoona. Kile tu. Na safari hii tia jina lako, dole liache." Nikaandika. Ukurasa mmoja ulinichukua mchana wote.

Jioni aliniuliza kama najua viraka vile vilitoka wapi. Sikujua. Miaka yote ile sikuwa nimeuliza, na soko la Kamembe liko pale pale. Kesho yake nilipita kwa mafundi wa viatu mmoja mmoja, hadi mzee mmoja wa Kiislamu anayekaa karibu na msikiti. Yuko hapa leo, amekaa nyuma kule na kofia yake, na amenikataza nisimtaje. Nilimwelezea kiraka. Akacheka hadi akaweka nyundo chini.

"Nyekundu? Ile ni yangu, mwanangu! Baada ya ile vita walituletea misaada, mufuko muzima wa boti nyekundu za batoto ba Ulaya. Nikafungua: zote za muguu wa kushoto! Nani atazivaa? Nikazikatakata viraka. Balimaji ba mupunga ba Bugarama karibu bote niliwawekea. Conseiller mwenyewe, mukubwa wa sekta, nilimuwekea!" Halafu aliona uso wangu. "Kuna nini?"

Nilimweleza. Hakucheka tena.

"Na mumekaa miaka yote hii hamujaniuliza?"

"Niliogopa, Mzee."

"Uliogopa fundi wa viatu?" Akatikisa kichwa. "Basi nitafunga duka, nitakuja. Mimi nilidhani siku wakiniita mahakamani itakuwa kwa sababu ya misumari mibovu."

Ilibaki kumwambia Maman. Nilimwambia jikoni, akiwa anasonga ugali. Hakuacha kusonga.

"Unataka kumutoa muntu aliyeua papa yako."

"Sijui kama ni yeye, Maman."

"Kama si yeye, ni nani?"

"Sijui."

"Basi nitabaki na nini mimi?"

Niliomba mwiko nimsaidie kusonga, hakunipa. Wiki ile tulikula bila kusemezana. Baba mdogo yeye alikuja mlangoni, hakuingia. Alisema nimeenda shule kujifunza kumuuza ndugu yake. Aliondoka, na mpaka leo hajanisalimu.

Padri alipeleka karatasi yangu kwa hakimu, na siku ya mahakama watu wa mlima wetu walijaa hadi nje. Fundi wa viatu alileta mfuko wake, akamwaga sakafuni boti ndogo nyekundu zilizobaki, na vipande. Halafu, bila kuombwa, akageukia watu: "Wee Mzee wa pale, inua muguu. Na wewe Maman, usifiche." Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Lakini miguu ilikuwa imeshainuliwa, na viraka vilikuwepo, vyekundu, mpaka kwenye boti ya mama anayeuza dagaa.

Kisha hakimu akaniita. Akanionyesha yule mtu kwa kalamu. "Binti, ni huyu?"

Watu wote wakubwa wa maisha yangu walikuwa humo ndani. Nilitazama ndala za yule mtu, macho hayakufika usoni.

"Sijui," nilisema. "Siku ile sikumuona uso. Niliona boti. Nilisema ndiyo kwa sababu niliulizwa."

Mtu mmoja nyuma alinitukana. Nikaendelea kusimama.

Hapakuwa na mwingine wa kumshtaki. Walimwachilia baada ya wiki chache. Nisiwadanganye kwamba kulikuwa na furaha. Alitoka akaenda moja kwa moja kwenye kaburi la mke wake, wakamkuta pale jioni amelala.

Siku moja alikuja kwetu. Nilikuwa uani, napepeta maharage. Niliona ndala zinasimama mbele yangu, nikajua. Nikasalimu kwa mikono miwili, macho chini. Hakunipa mkono.

"Niangalie," alisema.

Nikainua macho. Ndevu zake zimekuwa nyeupe upande mmoja. Jicho la kushoto lina ukungu. Juu ya mdomo kuna kovu la zamani la utotoni. Ulikuwa uso ambao sikuwahi kuuona maisha yangu yote. Aliniacha nimtazame hadi nilipotosheka.

"Sasa unanijua. Siku ingine wakikuuliza kama ni mimi, utaweza kujibu."

Nilimpa maji. Alikataa. "Mama yangu amekunywa yenu ya kutosha." Akaenda zake. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuwa na mdomo wa kumwomba.

Ndugu zangu, ninamaliza. Namshukuru padri aliyenipa karatasi nyeupe. Namshukuru fundi kule nyuma na boti zake za mguu wa kushoto. Namshukuru bibi wa fimbo kwa kiazi kimoja, ambacho sitakilipa hata nikiishi miaka mia. Namshukuru Maman, ambaye hakukubaliana nami, na bado jana alinifulia gauni hili ili nije kusimama hapa. Narudi chuoni mwezi ujao. Nitasoma hadi nimalize.

Ninachowaomba ni kidogo. Wenye mabinti nyumbani, endeleeni kuwafundisha kusalimu kwa mikono miwili. Lakini wafundisheni kuangalia uso. Na mkiwauliza jambo, muwaulize kwa namna ambayo wanaweza kusema hapana, na wakisema hapana, msiwapige.

Sasa nafunga daftari. Lililobaki halijaandikwa. Wale watatu walionituma nimwite Papa sijawaona usoni, na huenda wamo humu, huenda tunaimba pamoja. Nitawatazama wote, kuanzia benchi hii ya mbele, uso mmoja mmoja. Naomba nisiyemdai kitu na ninayemdai, nyote, msitazame chini.